Mkono wa Kwanza: Nani Atalipa Karo ya Wanaowahudumia Waliodhulumiwa?



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twaomba idhini ya kuyagusa mambo ambayo majumbani mwetu husemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Tuanze kwa mfano. Hatumkusudii mtu yeyote, wala hatumsimulii binti tunayemjua. Lakini twahofu kwamba kila atakayesoma atamkumbuka mtu.

Ni usiku wa Jumamosi katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru. Mama amemkuta bintiye amejikunyata nyuma ya pipa la maji, kimya, nguo yake imechanika. Mama anajua lililotokea kabla ya kuambiwa. Anafanya lile ambalo mama yeyote angelifanya kwa huruma: anabandika maji ya moto, anamwosha mtoto tangu utosini hadi nyayoni, anazifua zile nguo na kuzianika, kisha anamfunika leso na kumwambia anyamaze mpaka kuche. Kunapokucha anamwendea jirani. Jirani, naye kwa wema wake, anampeleka kwa mzee wa mtaa. Mzee anashauri jambo lisitiriwe, wazee wa pande mbili wakae, yaishe. Siku ya tano, mtoto anapokataa kula, ndipo wanapofika hospitali.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetaka shari. Mama alitaka kumtakasa mwanawe, jirani alitaka kusaidia, mzee alitaka amani. Lakini maji yale yaliondoa ushahidi ambao mahakama ingeuhitaji. Saa 72, ambazo ndizo mwisho wa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zilikuwa zimekwisha kupita. Na mtoto alikuwa amejifunza kwamba lililompata ni aibu yake yeye. Wema usio na elimu ulifanya kazi ambayo adui pekee angeifanya.

Ndiyo sababu makala haya hayahusu wahalifu, ambao hutajwa kila siku magazetini. Yanahusu mkono wa kwanza unaompokea aliyedhulumiwa: muuguzi, askari wa dawati la jinsia, mshauri nasaha, msaidizi wa kisheria, mhudumu wa afya wa mtaani, imamu, mwalimu wa madrasa. Je, mkono huo umefunzwa? Na kama haujafunzwa, ni nani atakayelipa karo?

KAZI YENYE ELIMU YAKE

Wako wanaodhani kwamba kumsaidia aliyedhulumiwa ni suala la kuwa na moyo mwema tu. Moyo mwema ni msingi. Lakini nyumba haikaliki ikiwa ni msingi pekee.

Tuangalie yanayomngoja muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali yoyote ya Bonde la Ufa, mgonjwa wa namna hii anapoletwa. Kwanza, amweke mahali pa faragha, asimhoji kwenye foleni mbele ya watu. Amweleze kila atakalolifanya kabla ya kumgusa, na apate ridhaa yake. Asimwulize alikuwa amevaa nini wala alikuwa akitafuta nini nje saa zile. Aanzishe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo kadiri zinavyowahi kuanzwa ndivyo zinavyofaa, nazo hutumiwa kwa siku 28. Azingatie pia kwamba dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wake, saa 120. Achukue vielelezo. Nguo azitie katika mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki huzuia hewa, unyevu hubaki ndani na ushahidi huoza. Aandike kila jeraha, mahali lilipo na ukubwa wake, katika fomu ya Wizara ya Afya iitwayo MOH 363, ambayo ni tofauti na ile fomu ya P3 ya polisi. Kisha vielelezo avifungie, na kila mtu anayevipokea atie sahihi, tangu hospitali hadi polisi, tangu polisi hadi maabara ya Mkemia wa Serikali. Mkono mmoja usipotia sahihi, wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu, na kesi ya miaka miwili itaanguka kwa siku moja.

Askari naye ana elimu yake: namna ya kumhoji mtoto bila kumtia maneno kinywani, namna ya kuandika maelezo, namna ya kumweka mlalamishi mbali na mshukiwa katika kituo chenye benchi moja. Mshauri nasaha ana yake: kujua tofauti kati ya huzuni ya kawaida na ile inayoelekea kumfanya mtu ajidhuru. Msaidizi wa kisheria ana yake: kujua kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, uamuzi wa kusimamisha kesi ya namna hii hauko mikononi mwa wazazi wala wazee wa mtaa wala polisi, uko kwa mwendesha mashtaka mkuu wa umma. Kwa hiyo vile vikao vya kumalizana kinyumbani, ambavyo hutolewa mbuzi au fedha, havina msingi katika sheria ya nchi.

Elimu yote hiyo haipatikani kwa semina ya asubuhi moja yenye chai na sambusa. Yataka wakufunzi, vitabu, mazoezi, na marudio. Na yote hayo yana bei.

NAKURU ILIVYOFUNZWA NA MACHUNGU

Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza: Nakuru yatuhusu nini? Tunajibu kwamba Nakuru ni nyumbani kwetu pia. Magari ya mizigo yatokayo bandarini hupita pale usiku na mchana yakielekea Busia na Malaba. Jamaa zetu wanaishi Bondeni, wengine wamefuata kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, wengine wanasomesha Njoro na Gilgil. Pana misikiti, pana madrasa, pana Mahakama ya Kadhi. Mji wenyewe ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji likikua, machozi yake pia hukua.

Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliovurugika, Nakuru na Naivasha ziliwaka moto. Tarehe 27 ya mwezi huo, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mjini Naivasha, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kuwa kambi ya waliofukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, zaidi ya nusu yao katika Mkoa wa Bonde la Ufa wa wakati huo. Tume hiyo ilitenga sura nzima ya ripoti kwa dhuluma za kijinsia, nayo ilieleza jinsi waathiriwa wengi walivyonyamaza: wengine kwa hofu, wengine kwa kuwa hapakuwa na wa kuwasikiliza, wengine kwa sababu waliowadhulumu ndio waliovaa sare.

Waathiriwa 8 wa ghasia zile, wanawake 6 na wanaume 2, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2013 wakisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu. Hukumu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, karibu miaka 13 baada ya tukio. Jaji Weldon Korir alisema kwamba Serikali ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kuchunguza na kushtaki, na akaamuru waathiriwa 4 kati ya hao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Waliobaki 4 hawakupewa fidia. Tunapoisoma hukumu kama hiyo, fikra zetu zaenda kwa wale wengi zaidi ambao hawakufika hata kwenye mlango wa mahakama, kwa sababu siku ile ya kwanza hapakuwa na muuguzi aliyejaza fomu wala askari aliyeandika katika kitabu cha matukio.

Iko pia kesi ya wanafunzi wawili wa shule moja ya msingi katika kaunti ya Nakuru, waliodhulumiwa na mwalimu wao. Katika mahakama ya jinai mwalimu aliachiliwa. Mabinti wale hawakukata tamaa; walifungua shauri la kikatiba, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba tume inayowaajiri walimu pamoja na Serikali zilikuwa na dhima. Wakaamriwa kulipwa jumla ya shilingi milioni 5. Tunawapongeza kwa ujasiri wao. Lakini swali linabaki: laiti wangalipokewa tangu mwanzo na watu waliobobea, je, wangalilazimika kuisimulia dhuluma yao mara mbili katika mahakama mbili?

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya nyakati za ghasia tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamepata kuumizwa kimwili tangu walipotimia miaka 15, na 13 katika kila 100 wamepata kudhulumiwa kingono. Kwa hesabu hiyo, katika kila safu tatu za akina mama wanaoswali tarawehe, safu moja ina la kusimulia.

FEDHA ZILITOKA WAPI?

Insafu yatutaka tukiri kwamba kazi nzuri imefanyika Bonde la Ufa. Shirika la madaktari watetezi wa haki za binadamu, lijulikanalo kwa jina la Physicians for Human Rights, kwa miaka mingi tangu 2011 limewakutanisha madaktari, wauguzi, polisi, mawakili na mahakimu wa Kenya na wa Kongo, wakajifunza pamoja namna ya kukusanya ushahidi bila kumuumiza mwathiriwa mara ya pili. Ubora wa mafunzo hayo ulikuwa katika kule kukaa pamoja: muuguzi akasikia kutoka kwa hakimu kwa nini fomu yake ilikataliwa, na hakimu akasikia kutoka kwa muuguzi kwamba usiku ule kulikuwa na wagonjwa arubaini na taa ilikuwa imezimika.

Katika hospitali ya Naivasha, wahudumu walishiriki kuijaribu programu ya simu iitwayo MediCapt, inayomwezesha muuguzi kuijaza ile fomu ya ushahidi kwa simu ya mkononi na kuambatisha picha za majeraha kwa njia ya siri. Ilibuniwa kwa ushirikiano na matabibu wenyewe, wa Kongo na wa Kenya. Kwa hiyo isisemwe kwamba Nakuru haina uwezo. Kwa jambo hili Nakuru imekuwa darasa la wengine.

Lakini tuulize: nani alilipa? Kwa sehemu kubwa, mafunzo ya namna hii katika Afrika Mashariki yamelipiwa na wafadhili wa ng'ambo. Na mfadhili wa ng'ambo ni kama mvua ya jirani. Hunyesha kwa rehema, na hukatika bila kukuuliza umepanda nini. Mwezi wa Januari 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa rasmi. Kote nchini kliniki zilipunguza wafanyakazi, na miradi mingi ya afya ikasita. Jambo la kwanza kuachwa, kila fedha zinapopungua, ni mafunzo. Kwa kuwa dawa ikikosekana mgonjwa hulalamika, lakini elimu ikikosekana kwa mhudumu, mgonjwa hata hajui alichokikosa.

Pana na ugonjwa mwingine. Muuguzi akishafunzwa vyema leo, kesho hupewa uhamisho kwenda wodi nyingine, au askari wa dawati la jinsia huhamishwa kaunti nyingine, na kiti chake kikakaliwa na mgeni asiyejua kitu. Mafunzo yakitegemea mradi mmoja, mradi ukiisha elimu huondoka na waliohama. Mafunzo yanapokuwa sehemu ya bajeti ya kila mwaka, kila anayekuja hufunzwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha shauri letu.

SHERIA IMEAHIDI NINI?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 50(9), iliamuru Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu na kutazama haki na maslahi yao. Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Sheria hiyo iliunda bodi, na pia ikaanzisha hazina ya amana kwa ajili ya kuwasaidia waathiriwa. Mwaka uliofuata ikapatikana Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015, inayomwezesha mke, mume, mzazi au mtoto anayeteswa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Umoja wa Mataifa nao, tangu azimio lake la Novemba 1985 kuhusu haki za waathiriwa, ulisema wazi kwamba polisi, maafisa wa mahakama na wa afya, na wahudumu wa jamii wapewe mafunzo ya kuyaelewa mahitaji ya waathiriwa.

Katikati ya mwaka 2021, katika kongamano la Paris la usawa wa kijinsia, Serikali ya Kenya iliahidi mbele ya ulimwengu kumaliza dhuluma za kijinsia ifikapo 2026. Iliahidi kutenga dola milioni 23 kufikia 2022 na kuziongeza hadi dola milioni 50 kufikia 2026, na kujenga vituo vya kuwahudumia waathiriwa katika kaunti zote 47. Ahadi ni deni, na mwenye kudai ni mwananchi. Nasi twaongeza kwamba kituo ni kuta. Mwathiriwa hapokewi na kuta.

Yafaa tutazame wenzetu wamefanyaje. Marekani ilipitisha sheria ya waathiriwa wa uhalifu mwaka 1984 na kuanzisha hazina ambayo chimbuko lake kuu ni faini wanazotozwa waliohukumiwa katika mahakama za shirikisho. Fedha hizo hulipia huduma za waathiriwa, na sehemu yake hulipia mafunzo ya wale wanaowahudumia. Uingereza nayo tangu 2007 humtoza aliyepatikana na hatia ada ya ziada kwa ajili ya huduma za waathiriwa. Hekima yake ni nyepesi kuielewa: aliyejeruhi achangie dawa. Sisi tuna hazina katika sheria. Tunalopaswa kudai ni ijazwe, na sehemu yake itengwe waziwazi kwa mafunzo, kila mwaka, bila kungojea mgeni.

RUFAIDA NA HEMA LAKE

Lakini je, tungojee Serikali peke yake? Dini yetu haikutufundisha hivyo.

Wanahistoria wa sira wametuachia habari za Rufaida wa kabila la Aslam, mwanamke wa Madina. Alijifunza tiba, akawa na hema lake katika msikiti wa Mtume Muhammad (S.A.W.), akiwatibu waliojeruhiwa. Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alipelekwa katika hema hilo. Na imepokewa kwamba Rufaida hakuishia kutibu. Aliwafundisha wanawake wengine kazi hiyo. Tuitazame picha hiyo kwa makini: hema la huduma limesimama ndani ya uwanja wa msikiti, mwenye kuhudumu ni mwanamke, naye ana elimu na anaieneza. Sisi leo tunajenga minara mirefu, na twajenga vyema. Lakini hema la Rufaida liko wapi?

Tukumbuke pia kisa cha Khawla binti Thaalaba, aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kulalamikia alilotendewa na mumewe. Mwenyezi Mungu aliyasikia malalamiko yake, na sura nzima ya Qur'ani, al-Mujadila, ikapata jina lake kutokana na mwanamke huyo aliyejadili. Hakuambiwa anyamaze ili nyumba isitirike. Alisikilizwa.

Hapa ndipo penye kukosewa sana. Twajua kwamba stara ni katika tabia njema za Muislamu. Stara ya mwathiriwa ni kulihifadhi jina lake, kutomtangaza, kutomnyooshea kidole harusini na msibani. Lakini kumficha dhalimu ili arudi kudhulumu mtoto wa jirani haiwezi kuwa stara. Huko ni kushiriki dhuluma. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi twasema mficha dhuluma huizalisha.

Na viongozi wetu wa dini wana nafasi kubwa, maana mara nyingi wao ndio mkono wa kwanza. Mama hufika kwa Kadhi kudai talaka, na chini ya buibui mna alama za kipigo. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, huamua mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Haina mamlaka ya kuhukumu jinai. Imamu au karani aliyefunzwa atajua kwamba shauri moja limekuwa mawili, na atajua ampeleke mama yule wapi kwa lile la pili. Asiyefunzwa atamwambia akasubiri.

TUFANYE NINI?

Twapendekeza mambo manne, yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, kila msikiti na kila chama cha akina mama kimsomeshe mtu mmoja. Mmoja tu. Atafutwe dada mwenye subira, mwenye kuhifadhi siri, aliyekwisha kuonyesha kwamba watu humwendea. Nakuru haina uhaba wa mahali pa kusomea: Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC kina tawi lake mjini. Asome ushauri nasaha, uuguzi, au usaidizi wa kisheria, ambao unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Akiwa ni mshauri nasaha, ahakikishe atasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, ili ushauri wake uwe na uzito. Nasi tuandikiane naye mkataba kwamba atautumikia mtaa wake kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Dada zetu wa Pwani nao wawafadhili dada zao wa Nakuru, na mwakani Nakuru ilipe fadhila hiyo Pwani.

La pili, tuulize fedha zetu zaenda wapi. Kuhusu Zaka, ambayo mafungu yake manane yametajwa katika Surat at-Tawba, kila jamaa iwaulize maulamaa wake kabla ya kuitumia kwa karo. Lakini sadaka mlango wake ni mpana, na wakfu pia. Duka moja likiwekwa wakfu, kodi yake ikawa ni karo ya mhudumu mmoja kila mwaka, thawabu yake haikatiki hata aliyelitoa akiwa kaburini. Chama cha akina mama 50 kikichanga shilingi 200 kila mwezi kinapata shilingi 120,000 kwa mwaka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

La tatu, tuhudhurie vikao vya bajeti. Kila kaunti hupaswa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Na Katiba yataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wanaume wanaodai barabara. Akina mama wakienda kumi, wakasimama na ombi moja lililoandikwa, kwamba itengwe fedha ya kila mwaka ya kuwafunza wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii namna ya kuwapokea waliodhulumiwa, ombi hilo litaandikwa katika kumbukumbu. Wale wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini mwaka 2023 tayari wanabisha milango yetu. Wapewe elimu ya kusikia yanayosemwa nyuma ya mlango.

La nne, tuwatunze watunzaji. Anayesikiliza machungu ya watu kila siku hujaa kama mtungi, na mtungi uliojaa hupasuka. Mafunzo ya kweli humpa mhudumu mtu wa kumtua mzigo: mkubwa wake katika kazi anayekaa naye na kumsikiliza. Tunapolipa karo, tulipe na hilo.

YA KUBANDIKA UKUTANI

Wakati tunajipanga, kila nyumba ijue haya leo. Aliyedhulumiwa asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi. Aende hospitali kabla ya kitu kingine, wala asingojee kwenda polisi kwanza. Matibabu yake katika hospitali ya serikali ni bure kwa mujibu wa sheria. Saa 72 zisipite. Na zikiwa zimepita, aende vilevile, kwa kuwa bado kuna tiba, kuna vipimo na kuna ushauri. Nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Turudi sasa Bondeni, kwa yule mama tuliyeanza naye. Tumwazie tena usiku uleule, pipa lilelile la maji. Ila safari hii, nyumba ya tatu kutoka kwake anaishi dada aliyesomeshwa na akina mama wa msikiti. Mama anabisha mlango. Dada hapigi kelele, haulizi mtoto alikuwa wapi. Anamfunika leso, anasema neno moja la kumtuliza, anachukua mfuko wa karatasi, na kabla ya adhana ya alfajiri wote watatu wako hospitali. Dhuluma imetokea, wala hakuna awezaye kuifuta. Lakini mtoto yule amejua, tangu saa ya kwanza, kwamba aibu si yake.

Bei ya tofauti kati ya usiku ule wa kwanza na huu wa pili ni karo ya mtu mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa waliojeruhiwa, awape subira na elimu wanaowahudumia, na aifanye mikono yetu kuwa miepesi katika kutoa. Amin.